Dawa za Kupunguza Uvimbe Katika Maambukizi ya Bakteria ya Jicho

Bakteria wanaposhambulia jicho, madhara hutoka pande mbili: bakteria wenyewe huharibu jicho, na kinga ya mwili inayopambana nao huleta wekundu, uvimbe na maumivu. Kwenye konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, hali hiyo huweza kuacha kovu linalopunguza uwezo wa kuona. Dawa za steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, hutuliza kinga hiyo. Haziui bakteria.

Kidonda cha konea

Tiba kuu ni matone ya antibayotiki, ambayo siku za mwanzo huweza kutiwa kila saa, usiku na mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima kama kuongeza steroidi kunasaidia. Wagonjwa 500 wa India na Marekani walianza na antibayotiki ya moksifloksasini kwa angalau saa 48. Kisha baadhi wakaongezewa prednisoloni, wengine matone yasiyo na dawa. Baada ya miezi 3, kwa jumla makundi hayo hayakutofautiana katika kuona. Waliokuwa na vidonda vikali zaidi walionekana kunufaika na prednisoloni, lakini walioambukizwa bakteria wa Nokadia wakapewa dawa hiyo walibaki na makovu makubwa zaidi.

Hatari za dawa hizi

Si kila kidonda cha konea husababishwa na bakteria. Mkulima aliyechomwa jichoni na jani au bua huweza kupata fangasi, na virusi vya hepesi pia huleta vidonda. Steroidi huwapa vimelea hao nafasi ya kuenea. Zikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Matone ya kupunguza uvimbe yasiyo ya steroidi, kama diklofenaki na ketorolaki, nayo yamewahi kuyeyusha konea iliyokwisha kudhoofika.

Macho mekundu yenye tongotongo

Maambukizi ya kawaida ya utando wa nje wa jicho hayahitaji steroidi. Usafi, na antibayotiki inapohitajika, hutosha.

La kuzingatia

Steroidi ya jicho hutolewa na mtaalamu wa macho baada ya uchunguzi, huku antibayotiki ikiendelea. Isinunuliwe kiholela duka la dawa, wala chupa ya mgonjwa mmoja isitumiwe na mwingine. Jicho linalouma, linaloogopa mwanga au kuona ukungu lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.