Tui na Tamthilia: Lugha ya Tathmini katika Mazungumzo ya Mume na Mke

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kuhakiki kazi ya sanaa kwa istilahi za maudhui na fani, ploti, usawiri wa wahusika na mandhari. Hata hivyo, mtu aliyemaliza kutazama tamthilia ya jioni, au anayesukuma kando sahani ya mbaazi asubuhi ya Jumapili, aghalabu hazitumii istilahi hizo. Husema "imekolea", "imepoa", "imetiwa chumvi", "si mbaya". Makala haya yanayachunguza maneno ya aina hiyo kwa kutumia mfano wa mume na mke wanaotofautiana kuhusu mambo mawili: tamthilia za runinga na mahali panapofaa kwa kiamshakinywa. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya msamiati wa kuitathmini tamthilia kwa Kiswahili imekopwa jikoni, lakini maneno hayo hayakuvuka na thamani zake zote. Neno linalosifu chakula laweza kuukashifu mchezo, na kinyume chake.

Mume na mke hawa ni wa kubuniwa kwa ajili ya mfano, ingawa maneno wanayopewa ni ya kusikika kila siku. Mume alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Mke alizaliwa Nyeri na kujifunza Kiswahili shuleni. Wanaishi Nairobi, na Jumapili asubuhi mume hupenda kumpeleka mkewe Majengo, Pumwani, mtaa ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920 na ambao hadi leo una jamii ya Waislamu wazungumzao Kiswahili kama lugha ya nyumbani. Huko hutafuta mahamri na mbaazi. Mke angeridhika na kibanda kilicho karibu na kwao, penye chai ya maziwa na mandazi, bila nauli wala safari. Jioni hukaa mbele ya runinga moja. Tofauti zao za asubuhi na za jioni, kama itakavyodhihirika, ni tofauti moja.

Kutoka chunguni hadi kwenye kioo

Kwanza ni vyema kueleza mbaazi zenyewe, kwa maana asiyejua zinavyopikwa hawezi kuelewa mume analalamikia nini. Mbaazi huchemshwa hadi zikalainika. Nazi hukunwa, ikakamuliwa mara mbili au zaidi. Tui la kwanza ni zito nalo huwekwa kando. Tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, hutangulia kutiwa chunguni ili mbaazi ziive ndani yake. Tui zito hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, na mpishi hukoroga bila kuchoka ili lisikatike. Likishakubali, mbaazi husemekana kuwa zimekolea. Mpishi mwenye haraka, au anayebana nazi, hulikosa tui zito na kufidia kwa maji. Mlaji mzoefu hulijua jambo hilo kabla tonge la pili halijafika kinywani.

Mahamri nayo yana siri yake. Jina lenyewe lina uhusiano na hamira, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu uchachu unaoumua unga. Unga wa mahamri hukandwa kwa tui na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukakatwa na kukaangwa hadi ukafura na kuwa na uwazi ndani. Mandazi ya bara kwa kawaida huumuliwa kwa hamira ya unga ya dukani, hayangoji, na ndani huwa yamejaa. Mume akiyaita mandazi "mahamri yasiyojua kusubiri", mke hujibu kwamba mtoto wa shule naye hawezi kusubiri. Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, maana mandazi ni chakula cha watu wanaowahi kazini na darasani alfajiri.

Basi jioni mume akitazama tamthilia inayorushwa kila siku ya juma, na akaona mazungumzo ya sebuleni yakirudiwa kutoka kipindi hadi kipindi, atasema: "Hii sasa imetiwa maji." Usemi huu umetoka moja kwa moja chunguni. Lakoff na Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1980 kuhusu sitiari, walionyesha kwamba binadamu hulielewa jambo moja kupitia jingine lililo karibu zaidi na mwili wake. Hapa uwanja chanzi ni mapishi na uwanja lengwa ni usimulizi. Ulinganisho unafaa sana: mtunzi anayetakiwa kujaza vipindi vingi kwa kisa kidogo yuko katika dhiki ileile ya mpishi mwenye wageni kumi na nazi moja.

Lakini sitiari hii haikunyooka. Chukua kitenzi "kuchacha". Mbaazi zilizochacha ni za kumwagwa, wala hakuna mlaji atakayezisifu. Tamthilia iliyochacha, kwa upande mwingine, ndiyo inayowafanya watu waharakishe kufika nyumbani, maana ugomvi wa wahusika umepamba moto. Chukua pia chumvi. Chakula kisichotiwa chumvi ni chapwa, na kuitia ni wajibu wa mpishi. Ilhali habari iliyotiwa chumvi imevuka mpaka wa ukweli. Aidha, "kupika" chakula ni kazi ya heshima, nako "kupika" habari ni uongo. Yapo maneno yaliyohamia na thamani zake zilezile: "kukolea", "kuiva" na "kupoa" huwa sifa au lawama sawasawa katika pande zote mbili. Haielekei kwamba tofauti hii ilizuka kwa bahati tu. Maneno yaliyogeuka thamani ni yale yanayotaja kitu kinachoongezwa au kinachobadilika kikawa kingine: chumvi, uchachu, kazi ya mpishi. Kwa chakula, kinachohofiwa ni kuharibika. Kwa simulizi, kinachohofiwa ni kupotosha. Maelezo haya hayakidhi kila mfano (maji, kwa mathalani, ni lawama kotekote), lakini yanatoa mahali pa kuanzia.

Sarufi ya lawama

Swali la pili ni jinsi lawama inavyosemwa bila kuvunja nyumba. Tazama mazungumzo haya ya Majengo:

MUME: Mama Watoto, mbaazi hizi zimetiwa maji.
MKE: Zimetiwa na nani, Baba Watoto?
MUME: Basi, hazijakolea.
MKE: Hapo sawa. Kula zikingali moto.

Mke ameshika sarufi barabara. "Zimetiwa" ni kauli ya kutendwa, nayo humfanya mtenda awepo hata asipotajwa. Kuna mtu aliyetia maji, na mtu huyo amesimama hatua mbili tu kutoka mezani, akipepea jiko. "Hazijakolea" haina mtenda. Kukolea ni jambo linalozipata mbaazi zenyewe, kana kwamba hakuna aliyekosea. Pamoja na hayo, kiambishi -ja- cha ukanushi kinabeba maana ya "bado", hivyo mlango unaachwa wazi. Kwa mantiki, mbaazi zilizokwisha kupakuliwa haziwezi kukolea tena. Kwa adabu, hilo si muhimu. Brown na Levinson (1987) wangesema kwamba mume amekihifadhi kile wanachokiita uso wa mpishi, na pia uso wa mkewe aliyelipa chakula siku hiyo.

Tofauti kati ya "haijakolea" na "haikukolea" ina kazi kubwa zaidi mbele ya runinga. Tamthilia mpya ikifika kipindi chake cha tatu, mke husema "haijakolea", maana yake wataendelea kuitazama. Mume akisema "haikukolea", amekwisha kunyoosha mkono kutafuta kidhibiti cha runinga. Kubadilika kwa kiambishi kimoja huamua nyumba itatazama nini mwezi mzima. Walimu wanaofundisha ukanushi wa nyakati kwa sentensi za "sijaenda" na "sikuenda" wangepata mifano yenye nguvu zaidi hapa.

Anayesikia na anayeona

Linalobaki ndilo gumu. Katika Kiswahili cha pwani kitenzi "kusikia" hakihusu sikio peke yake. Mtu husikia harufu, husikia baridi, husikia utamu. Mke, aliyelelewa na Kiswahili cha darasani, hutumia "kuona" pale mume anapotumia "kusikia". Baada ya tamthilia mume husema, "Sikusikia utamu wake." Mke hujibu, "Mbona mimi niliiona nzuri?" Vitenzi hivi viwili vinafichua zaidi ya tofauti ya lahaja, kwa kuwa mume kweli huisikiliza tamthilia, na mke kweli huitazama.

Tamthilia ya Sultana, iliyoanza kurushwa na Citizen mwaka 2022 ikiwa na mandhari ya pwani, inafaa kuwa mfano wa mvutano huu. Mke huifuata kwa sababu ya kisa cha msichana kipofu na jamii inayomzunguka. Mume hukaa akipima matamshi. Anayesema ni mzaliwa wa pwani amwambie "wataka nini", si "unataka nini". Na akiwa ni mzee wa Mvita hasa, aseme "mato" badala ya macho na "ndia" badala ya njia. Kinachomkera zaidi ni mazoea ya baadhi ya waigizaji, katika michezo mingi, kunyunyiza "yakhe" na "wallahi" juu ya Kiswahili cha Nairobi, kama mtu anayenyunyiza iliki juu ya mandazi yaliyokwisha kukaangwa na kuyaita mahamri. Katika hili mume ana haki. Lahaja ni mfumo wa sauti, viambishi na msamiati. Haiundwi na viingizi viwili vitatu.

Hata hivyo, mume huvuka mpaka pale anapoigeuza hoja ya mandhari kuwa hoja ya haki ya kusema. "Wangewaachia wenyewe," husema. Hapo mke hunyamaza, na ukimya wake haustahili kupuuzwa. Kwa miaka mingi ya ndoa yeye mwenyewe amekuwa akisahihishwa: "chakura" yake imechekwa na mawifi, sentensi zake zimemaliziwa na wengine. Akisikia mwigizaji wa bara akiambiwa hana ruhusa ya Kiswahili, anajisikia yeye. Si ajabu kwamba asubuhi inayofuata hukataa kwenda Majengo na kusema kibanda cha jirani kinatosha. Mume hudhani wanajadili mandazi.

Historia ya runinga nchini haimsaidii mume. Katika Vitimbi ya KBC, Mzee Ojwang' na Mama Kayai waliigiza mume na mke kwa miaka mingi. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang' na ambaye alifariki mwaka 2015, alikizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo ilhali mwenyewe alikuwa wa jamii ya Wakikuyu. Charles Bukeko, aliyefariki mwaka 2020, alimvika Papa Shirandula lafudhi ya Kiluhya, na kisa chake cha bawabu anayemficha mkewe kazi anayoifanya kilipendwa na watazamaji wa kila pembe ya nchi. Michezo hii haikujifanya ya Mvita. Kiswahili chake kilikuwa cha watu waliokutana mjini, na ucheshi wake ulitegemea hasa kukutana huko. Kukipima kwa mizani ya Mji wa Kale ni sawa na kulilaumu githeri kwa kukosa tui.

Ni kweli kwamba lafudhi hizo zilitumika pia kuwakejeli watu wa jamii fulani, na mhakiki ana wajibu wa kulisema hilo. Lakini kosa hilo ni la usawiri, na dawa yake si kuwanyang'anya watu wa bara lugha ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

"Si mbaya"

Usemi ambao mume na mke huutumia kwa usawa ni "si mbaya". Wanafunzi wengi huufasiri kama sifa iliyopunguzwa, lakini maana yake hutegemea msemaji na kiimbo. Mume akiyaonja mandazi ya kibandani na kusema "si mbaya" kwa sauti inayoshuka, amesalimu amri nusu. Mke akiulizwa kuhusu mbaazi za mama mkwe, naye akajibu "si mbaya" baada ya kutua kidogo, kila mtu mezani hujua kwamba yupo anayezipika vizuri zaidi. Hakuna aliyetukanwa, na hakuna anayeweza kudai kutukanwa.

Ipo pia namna ya tatu, nayo husikika Jumapili nyingine, wanapokuwa wamerudi Majengo kwa ombi la mke mwenyewe. Mume anamega hamri, analichovya katika mbaazi, anatafuna. Mke anamtazama usoni bila kula.

MKE: Wasikiaje?
MUME: Naona si mbaya.

Mke ametumia kitenzi cha mume, na mume akajibu kwa kitenzi cha mke.