Sukari Iletwayo na Dawa: Tuhakikishe Imeandikwa Sawasawa



Wengi wetu tumezoea kusema "fulani ana sukari", basi, yameisha. Lakini ugonjwa wa sukari una aina zake, na mojawapo huletwa na dawa. Aina hii isipoandikwa sawasawa hospitalini, mgonjwa huweza kutibiwa nusunusu mpaka akapoteza mguu. Somo letu la leo ni juu ya kuandika huko, na jinsi kikundi kinavyoweza kusaidia.

Inatoka wapi?

Dawa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili ni zile za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni. Ni dawa nzuri. Hutumika kwa pumu, baridi yabisi, na baadhi ya magonjwa ya ngozi na figo. Tangu mwaka 2020 deksamethasoni imetumika pia kwa wagonjwa mahututi wa Korona. Shida ni kwamba dawa hizi huifanya ini itoe sukari nyingi, na kuufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili nazo huweza kupandisha sukari. Tena, katika nchi mbalimbali zimekutwa dawa za "mitishamba" za maumivu ambazo ndani yake mmetiwa steroidi kwa siri.

Jambo moja la kukumbuka: mtu anayemeza prednisoloni asubuhi, sukari yake hupanda zaidi mchana na jioni. Akipimwa asubuhi kabla ya kula, huenda akaonekana mzima. Kwa hiyo amwambie mpimaji anatumia dawa gani na ameimeza saa ngapi.

Lakini tahadhari! Mtu asiache steroidi ghafla kwa kuogopa sukari. Akizitumia kwa muda mrefu, mwili huacha kujitengenezea za kwake. Akikatiza mara moja anaweza kuzimia, hata kufa. Daktari ndiye wa kupunguza kidogo kidogo.

Miguu yenye ganzi

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, yaani neva. Miguu hufa ganzi, huwaka kama imepakwa pilipili, au mtu huhisi anatembea juu ya pamba. Mwisho anakanyaga mwiba wa mgunga asijue, kidonda kinaoza.

Hata hivyo, si kila ganzi ni ya sukari. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, pia huweza kudhuru neva, na ndiyo maana wagonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Pombe nyingi nayo hudhuru. Hivyo ni lazima daktari aandike ganzi hii imesababishwa na nini, kwa maana matibabu hayafanani.

Maneno yanavyogeuka namba

Daktari au ofisa wa kliniki akishaandika, karani wa rekodi hugeuza maneno yale kuwa namba, kwa kufuata orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Namba hizo ndizo huhesabiwa ili kujua ugonjwa gani umezidi wapi. Orodha ya 11 ilianza kutumika mwaka 2022, lakini tutoe mfano kwa ile ya 10, iliyozoeleka:

E11 ni sukari ya aina ya pili.
E13 ni ya aina nyingine iliyotajwa.
E14 ni ile ambayo aina yake haikutajwa.
Ikiongezwa nukta na 4, maana yake neva zimedhurika.
Y42.0 huonyesha madhara ya steroidi.

Wamarekani katika orodha yao wameitengea sukari ya dawa namba yake yenyewe, E09.

Sasa tuseme mama mmoja ametibiwa pumu miaka mitatu kule Wundanyi, kisha anashuka Voi kwa bintiye na kuingia hospitali. Kwenye daftari lake pameandikwa tu: "Sukari. Miguu inauma." Karani haruhusiwi kubahatisha. Ataweka E14, na habari ya dawa imepotea. Anayemtibu kesho atampa vidonge vya sukari, aendelee na steroidi ileile bila mtu kuuliza kama kipimo chake chaweza kupunguzwa.

Lakini pakiandikwa: "Sukari iliyoletwa na prednisoloni ya pumu, neva za miguu zimedhurika kwa sababu ya sukari hiyo", karani ataweka E13.4 pamoja na Y42.0, na kila atakayesoma ataelewa. Mambo ni matatu: aina ya sukari, dawa iliyoleta, na mahali palipodhurika. Tena maneno "kwa sababu ya" ndiyo yanayoyafunga pamoja.

Iandikwe pia kama dawa ilitumika kwa kipimo alichopewa, au ilizidishwa, au ilimezwa kwa makosa. Haya mawili ya mwisho huhesabiwa kama sumu, na namba yake ni nyingine. Kwa hiyo mgonjwa aseme ukweli, hata kama dawa aliinunua mwenyewe sokoni.

Kazi ya kikundi

1. Kila mwenye ugonjwa wa kudumu awe na daftari moja tu la hospitali, asibadilishe kila safari.
2. Aandikiwe majina ya dawa zote, kipimo, na tarehe alipoanza. Asiyejua kusoma asaidiwe na mwanakikundi anayemwamini.
3. Akienda hospitali abebe pakiti na chupa zote, hata za mitishamba.
4. Kabla ya kutoka aulize kwa heshima: "Daktari, hii sukari yangu ni ya aina gani? Na hii ganzi imetokana na nini? Naomba uniandikie."
5. Kila jioni akague nyayo zake, au mtu wa nyumbani amkagulie. Asitembee peku.
6. Siri ya mgonjwa isitangazwe mkutanoni.

Maswali ya kujadili

Je, katika kikundi chetu ni nani wanaotumia dawa za pumu au za viungo kwa muda mrefu? Je, wamewahi kupimwa sukari, tena saa za mchana? Na madaftari yao yako wapi?