Jirani Anayekaa Chini ya Mto

Somo hili nawapa waalimu wa darasa la tano na la sita, pamoja na wazazi wanaobaki baada ya Misa kuzungumza habari za kijiji. Watoto wetu wamekwisha jifunza ya kuwa jirani ni kila mtu. Walakini ukiwauliza jirani zao ni nani, watakutajia yule wa upande wa kuume na yule wa upande wa kushoto. Ni mara chache mtoto atamtaja mtu anayeteka maji chini yake, katika mto ule ule anaoogea yeye. Huyo ndiye nataka tumfikiri leo.

Kwanza niungame kosa langu. Kabla sijafika hapa Lweba nilifundisha katika shule moja iliyojengwa juu kidogo ya kijito. Choo cha wavulana kikajaa. Hatukuwa na fedha za kuchimba kingine, basi tukangoja masika, na usiku mmoja wa mvua kubwa tukakata mfereji kutoka shimoni mpaka kijitoni. Mimi ndiye niliyeshika taa. Mmoja wetu akasema mvua itachukua yote, nasi tukaenda kulala tumefurahi. Asubuhi mama mmoja wa mtaa wa chini akapanda kilima na ndoo yake kichwani, akaitua mbele ya mlango wa darasa langu. “Mwalimu,” akasema, “mvua imechukua kweli. Imetuletea sisi.” Sikuwa na neno la kumjibu, na watoto walikuwa wakitazama.

Watu wa pwani hii, toka Uvira mpaka Baraka na kusini zaidi, hawahitaji kufundishwa kipindupindu ni nini. Kimekuwa kikiturudia tangu mwisho wa miaka ya 1970. Yafaa lakini watoto wafahamu njia yake. Vijidudu vya ugonjwa huu hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, huingia majini, na maji hayo yakinywewa humpata mtu mwingine. Maji yaweza kung'aa kama kioo na kuwa nayo mauti ndani yake. Mwalimu atie chumvi kidogo katika kikombe cha maji, akoroge, kisha awaulize watoto kama wanaiona. Halafu mmoja aonje. Jambo ambalo jicho halikuliona, ulimi umeliona.

Kwa hiyo choo chataka kuwa mbali na mahali pa kuteka maji, mita 30 kwa uchache, na chini ya shimo pabaki mita 1.5 za udongo mkavu kabla ya kufika maji ya ardhini. Penye ufuo wa mchanga, ambapo mtu achimba kidogo tu akaona maji, shimo refu ni hatari. Hapo afadhali kuinua choo juu ya kifusi kuliko kujisifu kwa kina cha shimo.

Lakini usafi wa nyumba moja hautoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapoanza kuutetea mto wao. Hutaka uchafu uondoke kwao. Hawaulizi waenda wapi.

Mji wa London ulilipa sana kwa kosa hilo. Mwaka 1854 mganga John Snow alionyesha kwamba watu wa Broad Street walikufa kwa kipindupindu kwa sababu ya maji ya bomba moja. Mwaka 1858, wakati wa joto, mto Thames ulinuka kwa uchafu wa vyoo hata wabunge wakashindwa kukaa katika nyumba yao, na fedha za kazi zikapatikana upesi. (Maskini walikuwa wameisikia harufu hiyo miaka mingi, haikupata dawa mpaka ilipoingia Bungeni.) Injinia Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, kazi ya kustahili sifa, iliyookoa maisha ya watu wengi. Walakini mifereji ile haikusafisha kitu. Ilichukua uchafu mpaka mashariki ya mji na kuumwaga mtoni. Mwezi wa Septemba 1878 meli ya abiria, Princess Alice, iligongwa ikazama karibu na hapo, muda mfupi baada ya uchafu kufunguliwa. Watu zaidi ya 600 walikufa, na wengi waliangukia katika maji yale machafu. Baadaye tope la vyoo likapakiwa katika meli likatupwe baharini, na desturi hiyo haikukoma mpaka mwaka 1998. Tazameni basi: toka nyumbani mpaka mtoni, toka mtoni mpaka baharini, kila mara kwa jirani wa mbali zaidi.

Tusiwacheke. Ng'ambo ya ziwa letu, katika Tanzania, watu wa Tabata katika mji wa Dar es Salaam walikaa miaka na jaa la takataka za mji mzima, moshi na nzi. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1988 wakashinda. Halmashauri ya Jiji ikaamriwa ikome, nayo ikawa ikiomba muda, tena muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza, akikumbusha kwamba Katiba yampa kila mtu haki ya kuishi. Nawaheshimu sana watu wale. Hawakupiga mtu wala kuchoma gari. Walivumilia, wakatunza karatasi zao, wakarudi mahakamani. Lakini takataka zilikwenda wapi? Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na wakaaji wa huko nao wakalazimika kushitaki. Kisha zikapelekwa Vingunguti, katika bonde la Msimbazi, mto upitao kati ya mji na kuingia baharini. Watu walishinda kesi, mto ukashindwa.

Katika Nairobi naona jambo lililotazama mbali kidogo. Vijana wa Korogocho, mtaa maskini sana, walianza mwaka 2017, kwa majembe na mikono yao wenyewe, kuzoa uchafu ukingoni mwa mto na kupanda miti. Kikundi chao chaitwa Komb Green Solutions. Tena mwezi wa Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba wakubwa waliopewa ulinzi wa mito ya Nairobi na Athi wameivunja haki ya wananchi kwa kuiacha ichafuke. Mahakama haikuutazama mto wa mjini peke yake. Athi hushuka ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi; na njiani kote watu huteka maji.

Sisi wa Lweba hatuna hata pa kudanganyia. Maji yashukayo milimani huingia Tanganyika, ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Tutakachotupa chakaa nasi. Twavua humo, twaoga humo, na wengi twanywa humo, na Burundi, Tanzania na Zambia vilevile. Nchi hizo nne zilitia sahihi mapatano ya kulitunza ziwa mwaka 2003. Nayo Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, yampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na papo hapo yampa wajibu wa kuyatetea. Mwalimu akifundisha haki, asiruke neno la pili.

Basi wiki ijayo nitatembea na darasa la sita kandokando ya mto, kuanzia juu mpaka ziwani. Kila mtoto atachukua kijiti na kukata alama moja kwa kila choo kilicho karibu na maji kuliko hatua 40, na alama nyingine kwa kila mahali watu wanapoteka. Hawatauliza choo ni cha nani. Tukimaliza tutaandika barua kwa shefu, kumwomba salongo za Jumamosi tatu: vyoo vya karibu vifunikwe, na vipya vichimbwe kwanza, ili mtu asinyang'anywe choo akarudi porini. Wazee wengine wanataka tumwombe pia ageuze mfereji wa soko upite mtaa wa pili. Hilo sitaliandika. Barua ikiwa tayari nitaipeleka kwanza kwa akina mama wanaoteka chini kabisa, penye mlango wa mto, waisome na kusahihisha kabla yetu sisi wa juu hatujatia sahihi.