SOMO: «Sikukusudia»

Mtu aliyemdhuru mwenzake akiitwa mbele ya wazee, neno lake la kwanza huwa: «Sikukusudia.» Na mara nyingi asema kweli. Lakini mfikirieni mama ambaye mtoto wake ametumbukia usiku katika shimo la udongo wa matofali, akavunjika mguu. Mwenye shimo hakumchukia mtoto. Labda hata hakumjua. Alichimba, akapata udongo wake, akaenda zake bila kuliziba wala kulizungushia miti. Je, neno «sikukusudia» litamponya mtoto mguu?

Jambo hili ni la kale. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, tunasoma kwamba mwenye kuchimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia akafa, imempasa kumlipa mwenye mnyama. Sura ile ile yataja ng'ombe dume apigaye watu kwa pembe, na hapo tusipite upesi. Ng'ombe akimwua mtu, naye hakujulikana zamani kuwa mkali, auawe ng'ombe, lakini mwenyewe hana hatia. Bali ikiwa alizoea kupiga watu, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfungia, basi hatia yampata mwenyewe pia, hata uhai wake u hatarini. Ng'ombe ni yule yule, na pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni nini? Ni kwamba mwenyewe alijua, wala hakufanya neno.

Sasa twende mbali, mpaka mji wa Paisley katika nchi ya Uskoti, ambako swali hili hili lilitokea kwa sababu ya chupa moja ya soda. Jioni ya tarehe 26 Agosti 1928 mwanamke mmoja, May Donoghue, aliingia na rafiki yake katika duka la vinywaji. Rafiki alimnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, isiyoonyesha kilichomo. Akanywa kidogo, iliyobaki ilipomiminwa, kwa maneno yake mwenyewe, konokono aliyeoza akatoka chupani. Mama huyo akaugua tumbo.

Amshtaki nani? Mwenye duka hakuweza kuona ndani ya chupa. Tena aliyetoa fedha ni rafiki, si yeye. Aliyeitengeneza soda, David Stevenson, hakuwa na mapatano yoyote naye, na wanasheria wengi wa siku zile walishika kwamba, isipokuwa kwa mambo machache, pasipo mapatano hapana deni. Zaidi ya hayo alikuwa fukara: aliapa kwamba mali yake yote haifiki pauni 5, apate kuruhusiwa kuendelea bila kuweka dhamana ya gharama. Daawa yake ilipanda mpaka Baraza la Malodi huko London, na tarehe 26 Mei 1932 waamuzi watatu kati ya watano walikata kwamba, kama maneno yake ni ya kweli, mtengenezaji alikuwa na wajibu kwake.

Mmoja wao, Lord Atkin, alilichukua swali mnalolijua, lile ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana wetu katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10: jirani yangu ni nani? Jibu la Atkin, tukilieleza kwa maneno yetu, ni hili: jirani yangu ni kila mtu ambaye tendo langu lamgusa karibu sana, hata ikanipasa kumfikiria kabla sijatenda. Si lazima nimjue jina. Mwenye kufunga chupa hamwoni mnywaji; lakini ajua kwamba mnywaji yuko, na kwamba hakuna atakayeichungulia soda ile kabla yake. Wala hatuambiwi tuyaone yote yajayo. Yatutosha kuyaona yale ambayo mtu wa akili ya kawaida angeyaona.

(Konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe. Stevenson alikufa kabla ushahidi haujasikilizwa, na neno likamalizwa kwa mapatano. Hivyo hukumu ile mashuhuri imesimama juu ya konokono ambaye hakuna mwamuzi aliyemwona!)

Hapa Kongo hukumu za Uingereza hazitufungi. Sisi tuna amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano na wajibu, na vifungu vyake vingali vyatumika. Kifungu cha 258 chaagiza kwamba mwenye kumtia mwenzake hasara kwa kosa lake, ailipe. Cha 259 chaongeza kwamba kosa si tendo tu, bali pia uzembe na kutojihadhari. Na cha 260 chamfikia baba kwa ajili ya watoto wake, na bwana kwa ajili ya watumishi wake. Mwenye kudai aonyeshe kosa, aonyeshe hasara, tena aonyeshe kwamba hasara ilizaliwa na kosa lile. Hili la mwisho ndilo gumu. Mtoto akianguka mtini akavunjika mguu, shimo lililo wazi karibu na mti halidaiwi kitu, ingawa mwenye shimo ni mzembe kweli.

Lakini msidhani kwamba sheria na Injili ni kitu kimoja. Atkin mwenyewe alikiri kwamba amri ya kumpenda jirani, ikiingia barazani, yapungua, yawa amri ya kutomdhuru. Kuhani na Mlawi waliopita kando hawakumjeruhi mtu yule. Kwa sheria ya Uingereza wasingemlipa hata senti. Bwana wetu hakuuliza ni nani aliyemdhuru, bali ni nani aliyekuwa jirani yake.

Maulizo ya kujadiliana na katekista wenu:

Mwenye mtumbwi apakia watu 12 katika mtumbwi wa watu 8, ziwa likiwa shwari. Upepo wainuka katikati ya safari. Aweza kusema kwamba upepo si kazi yake?

Mtu achoma shamba lake wakati wa kiangazi, moto waruka, wateketeza muhogo wa mwenzake. Yatosha kwamba alisimama pale na tawi mkononi, au ilimpasa kwanza kufyeka mpaka?

Na yule asiye mwenye shimo, aliyeliona li wazi kila siku akienda mtoni, akapita kimya?