Ikweta Peke Yake Haitoshi: Tabianchi na Msamiati Wake

Tabianchi ya kiikweta hutambulika kwa joto na mvua karibu mwaka mzima, kama ilivyo Kisangani. Hata hivyo, Nanyuki, mji ulio kwenye ikweta, una ubaridi kwa kuwa uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Nao Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ungali na barafu, ijapokuwa inazidi kuyeyuka. Latitudo, basi, hushirikiana na mwinuko, bahari na pepo. Katika pwani yetu, masika huja kaskazi inapoipisha kusi. Vuli huja kusi inapoipisha kaskazi. Mwanafunzi anayeyakariri maneno haya bila kuzijua pepo zenyewe amehifadhi sauti, hajapata maana.