Dhamana Kabla ya Kesi: Fahamu Kabla ya Kutia Sahihi

Dhamana si adhabu, wala si malipo ya kufuta kesi. Ni ahadi, iwe ya fedha au isiyo ya fedha, kwamba mshtakiwa atahudhuria mahakamani kila aitwapo. Katika somo hili tunaeleza utaratibu wa jimbo la California, Marekani, hasa kwa jamaa anayeombwa kutia sahihi usiku uleule ndugu yake alipokamatwa.

Njia za kuachiliwa

Aliyewekwa mahabusu hana budi kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 48, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Hakimu anaweza kumwachilia kwa ahadi yake mwenyewe bila fedha, kumwekea masharti, au kupanga kiasi cha dhamana. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya California, katika shauri la Humphrey, iliamua kuwa mtu asizuiliwe kwa sababu tu hana uwezo wa kulipa. Kwa hiyo, kusubiri kikao hicho huenda kukaiokolea familia fedha nyingi.

Fedha zipi hurudi?

Ukiweka kiasi chote mahakamani, hurejeshwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa alihudhuria vikao vyote. Asiyekuwa nacho huenda kwa wakala wa dhamana, ambaye kwa kawaida hutoza ada ya asilimia 10. Dhamana ikiwa dola 20,000, ada ni dola 2,000. Kwa kawaida ada hiyo hairudi, hata mashtaka yakifutwa.

Mzigo wa mdhamini

Mshtakiwa akitoroka, wakala hupewa siku 180 za kumrejesha. Muda ukipita, mdhamini aliyetia sahihi aweza kudaiwa dola 20,000 zote, na mali aliyoiweka rehani ikachukuliwa.

Kabla ya kutia sahihi

1. Hakikisha wakala ana leseni ya Idara ya Bima ya California.
2. Soma mkataba wote. Usiyoyaelewa, omba yafafanuliwe.
3. Ada ikilipwa kwa awamu, uliza salio litadaiwa kwa nani.
4. Dai risiti na nakala ya kila hati.
5. Andika tarehe za vikao na umkumbushe mshtakiwa.

Mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili wa umma. Tunashauri aombe kuwa naye tangu kikao cha kwanza, kwani ndipo suala la dhamana linapojadiliwa.