Je, Nusu ya Kidonge ni Nusu ya Dawa?

Mfanyabiashara auzaye mchele kwa kilo katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, hana ruhusa ya kukisia. Mizani yake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Lakini mgonjwa wa kisukari anunuaye vidonge katika maduka ya dawa ya Kariakoo au Posta, naye ameagizwa na daktari ameze nusu, mara nyingi hupima nusu hiyo kwa jicho na kisu cha jikoni.

Kanuni

Katika kidonge kilichotengenezwa vizuri, dawa huwa imechanganyika sawasawa na vitu vingine vinavyokiumba. Hivyo kiasi cha dawa katika kipande hulingana na uzito wa kipande hicho.

Mfano

Chukulia kidonge cha glibenklamidi chenye miligramu 5 za dawa, na ambacho uzito wake wote ni miligramu 160. Nusu kamili itakuwa na uzito wa miligramu 80 na dawa miligramu 2.5. Iwapo kisu kitakwenda upande na kutoa vipande vya miligramu 96 na 64, basi:

Kipande kikubwa: 5 × 96 ÷ 160 = miligramu 3.
Kipande kidogo: 5 × 64 ÷ 160 = miligramu 2.

Jumla haikubadilika, lakini kipimo cha leo kimezidi cha kesho kwa asilimia 50.

Famakopea ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya dawa, huagiza vidonge 30 vivunjwe na kipande kimoja cha kila kidonge kipimwe. Kisizidi kipande 1 kilicho nje ya asilimia 85 hadi 115 ya wastani, wala pasiwepo hata kimoja nje ya asilimia 75 hadi 125.

Athari

Glibenklamidi huchochea kongosho kutoa insulini, hata kama mgonjwa hakula. Dawa ikizidi, hasa kwa mzee au mtu aliyekosa mlo, sukari ya damu yaweza kushuka mno. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na hata kuzirai. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hatari hiyo. Hata hivyo, vidonge vya metformini vilivyoundwa kutoa dawa polepole havifai kukatwa ovyo, kwa maana dawa ya saa nyingi yaweza kutoka kwa mara moja.

Mambo ya kuzingatia

1. Mfamasia aulizwe kwanza kama kidonge chaweza kukatwa.
2. Kidonge chenye mstari katikati ndicho kifaacho, na kifaa maalumu cha kukatia vidonge ni bora kuliko kisu.
3. Kikatwe kidonge kimoja tu; nusu iliyobaki imezwe zamu ifuatayo. Hivyo ziada ya leo hufidiwa kesho. Vipande vya vidonge vingi vikichanganywa, fidia hiyo hupotea.
4. Nusu iliyobaki ihifadhiwe mbali na joto na unyevu.

Kukata vidonge ili vidumu zaidi, bila agizo la daktari, ni kupunguza matibabu, hata kama nusu hizo ni sawa kabisa.

Zoezi

Wanafunzi wachukue vidonge 20 vya glukosi, wavunje 10 kwa mkono na 10 kwa kisu. Wapime kila kipande na kukokotoa wastani. Ni vipande vingapi viko nje ya asilimia 85 hadi 115? Unga uliomwagika ni gramu ngapi, nao ungekuwa dawa ya nani?